Risperidoni katika skizofrenia inayoanza: tathmini ya mlezi

Tathmini hii inahusu vidonge vya risperidoni vya miligramu 1 na 2, kama nilivyoviona vikifanya kazi kwa mdogo wangu wa kiume tangu alipougua, na kama ninavyovielewa baada ya kusoma tafiti na kuwauliza wafamasia na madaktari waliokuwa tayari kunieleza bila haraka. Natoa uamuzi wangu mapema: kwa kijana aliyepata skizofrenia, ugonjwa wa akili unaoleta maruweruwe na imani potofu, kwa mara ya kwanza, risperidoni ya dozi ndogo ni dawa nzuri, inastahili kuwa miongoni mwa dawa za kufikiriwa mwanzo kabisa, na sehemu kubwa ya lawama ninazozisikia dhidi yake kwenye mabenchi ya kliniki inatokana na dozi iliyozidi au na kuachwa ghafla. Ina kasoro zake halisi, nami nitazieleza. Kupanga dozi ni kazi ya daktari anayemjua mgonjwa, lakini mlezi anayeelewa kinachotendeka ndani ya ubongo huuliza maswali yenye manufaa zaidi, na ndiyo sababu nitakaa sana kwenye kemia kuliko kwenye pakiti.

Kuhusu pakiti, maneno machache yanatosha. Dawa ilitengenezwa na kampuni ya Janssen ya Ubelgiji, ikaidhinishwa Marekani mwishoni mwa 1993 kwa jina la Risperdal, na tangu haki za hataza zilipokwisha, viwanda vingi vinaitengeneza kwa jina lake la kitaalamu tu. Mdogo wangu ametumia hivyo vya jina la kitaalamu, na sikuona tofauti yoyote iliyonipa wasiwasi. Kidonge ni kidogo, humezwa kwa chakula au bila chakula, na kwa kawaida mara moja au mbili kwa siku. Ipo pia dawa ya maji, ambayo ni msaada mkubwa kwa mgonjwa anayeficha vidonge shavuni.

Sasa nije kwenye ubongo. Katika skizofrenia, hasa nyakati ambazo maruweruwe na imani potofu zimepamba moto, kuna eneo la ndani ya ubongo liitwalo straitamu ambamo seli za neva hutengeneza na kumwaga kupita kiasi dopamini, kemikali ambayo seli hizo huitumia kupelekeana ujumbe. Wazo hilo lilianza na dawa zenyewe. Klopromazini, ambayo wazee wa kliniki bado wanaiita Largactil, ilianza kutumiwa na Jean Delay na Pierre Deniker katika hospitali ya Sainte-Anne, Paris, mwaka 1952, na ilituliza wagonjwa bila yeyote kujua kwa nini. Mwaka 1963 Arvid Carlsson na Margit Lindqvist wa Uswidi walionyesha kwa wanyama kwamba klopromazini na haloperidoli, dawa nyingine ya ugonjwa huu, zinaingilia mawasiliano ya dopamini, na katikati ya miaka ya 1970 Philip Seeman wa Toronto na watafiti wengine walibaini kwamba kadiri dawa inavyoshika kwa nguvu vipokezi vya dopamini, yaani milango ya seli inayopokea kemikali hiyo, vile ambavyo leo tunaviita D2, ndivyo dozi yake ya kutibu inavyokuwa ndogo. Uhusiano huo umedumu mpaka leo.

Ushahidi kutoka kwa wagonjwa wenyewe ulichelewa, kwa sababu ilibidi zipatikane picha za PET na SPECT, ambazo hutumia kemikali yenye mionzi kidogo kuonyesha vipokezi vimeshikwa na nini. Mwaka 1996 Marc Laruelle na wenzake waliwapa wagonjwa na watu wenye afya dozi ya amfetamini, dawa ya kuchochea ubongo, wakaona kwamba straitamu ya wagonjwa inamwaga dopamini nyingi zaidi. Mwaka 2000 Anissa Abi-Dargham na wenzake walipima hali ya kawaida bila kichocheo, wakakuta kwamba kwa wagonjwa dopamini ilikuwa imekalia takriban asilimia 19 ya vipokezi vya D2, ilhali kwa watu wasiougua ilikuwa takriban asilimia 9. Mwaka 2009 Oliver Howes na wenzake, London, waliona utengenezaji mkubwa wa dopamini hata kwa vijana ambao walikuwa na dalili za awali tu na hawajaugua rasmi. Ninapoambiwa kwamba mdogo wangu alirogwa, au kwamba alikuwa mvivu tangu shule, nazikumbuka picha hizi, na nawasihi ndugu wazikumbuke pia.

Hapa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja watu wa pwani na wa Kenya. Mirungi, au miraa, ina kathinoni, kemikali inayofanana na amfetamini kwa umbo na kwa kazi, nayo huongeza dopamini katika ubongo uleule ambao dawa inajaribu kuutuliza. Kumpa mgonjwa risperidoni asubuhi na kumwachia atafune mirungi jioni ni kuvuta pande mbili kwa wakati mmoja. Bhangi nayo ina njia yake ya kuamsha ugonjwa, na kijana aliyewahi kuugua hana kiasi chake ninachoweza kukiita salama.

Risperidoni yenyewe hukaa kwenye kipokezi cha D2 na kuzuia dopamini isikiwashe. Haipunguzi dopamini inayotengenezwa. Ni kama kushusha sauti ya spika huku mtu akiendelea kuongea kwenye kipaza sauti. Inashika pia, kwa nguvu zaidi, vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, vya aina ya 5-HT2A, na wanaoitetea wanaamini kwamba hilo huchangia kupunguza ukakamavu wa misuli dozi inapokuwa ndogo. Ninakubali kwa tahadhari, kwa kuwa risperidoni ya dozi kubwa hukakamaza misuli sawasawa, na serotonini haiizuii. Ndani ya mwili, ini huigeuza kuwa paliperidoni, ambayo nayo ni dawa kamili yenye kazi ileile na hukaa muda mrefu zaidi, na kwa hiyo kidonge kimoja kwa siku kinaweza kutosha.

Swali la dozi ndilo moyo wa tathmini hii. Mwaka 2000 Shitij Kapur na wenzake wa Toronto walichapisha utafiti wa wagonjwa 22 waliokuwa kwenye tukio lao la kwanza la ugonjwa, waliopewa haloperidoli ya miligramu 1 au 2.5 tu kwa siku na kupigwa picha za PET. Nafuu ilianza kuonekana zaidi kwa wale ambao vipokezi vyao vya D2 vilishikwa kwa zaidi ya asilimia 65. Homoni ya prolaktini ilipanda pale kiwango kilipovuka asilimia 72. Na ukakamavu, kutetemeka na kutotulia vilikuja baada ya asilimia 78. Ukiangalia namba hizo utaona jinsi nafasi ya kufanyia kazi ilivyo finyu. Vipimo vya risperidoni vya kundi hilohilo la watafiti vilionyesha wastani wa takriban asilimia 66 kwa miligramu 2, asilimia 73 kwa miligramu 4, na asilimia 79 kwa miligramu 6. Kwa maneno mengine, miligramu 2 zinamfikisha mgonjwa kizingitini mwa nafuu, na miligramu 6 zinamfikisha kizingitini mwa madhara, na mtu anayepandisha kutoka 6 kwenda 8 au 10 kwa sababu mgonjwa bado hajatulia haongezi tiba kwa kiasi anachokidhania, kwa kuwa vipokezi vilivyobaki wazi ni vichache.

Naandika hili kwa uchungu kidogo. Kabla ya risperidoni, hospitali moja ilimwanzishia mdogo wangu haloperidoli kwa dozi ambayo ningeiita ya kumtia mtu adabu. Shingo ilimpinda, macho yakageukia juu yakakataa kushuka, na mama akaamini kwamba ugonjwa umeingia kwenye uti wa mgongo. Alipochomwa sindano ya kulegeza na kupewa benzheksoli, hali ile ilitulia upesi, lakini hofu ya dawa ilikwisha kuingia nyumbani. Kisayansi hakukuwa na siri: sehemu ya straitamu inayoendesha miondoko inahitaji dopamini ili misuli itii, na vijana wa kiume walio mwanzoni mwa tiba ndio wanaopata zaidi mkazo huo wa ghafla. Wagonjwa wa tukio la kwanza huitikia dozi ndogo kuliko wagonjwa wa miaka mingi, na pia huumizwa na dozi ndogo kuliko wao. Muuguzi anayempima kijana mgeni kwa kipimo cha mgonjwa mkongwe anamtendea asivyostahili.

Haloperidoli si dawa mbaya, na ningependa ieleweke hivyo kwa kuwa katika zahanati nyingi ndiyo iliyopo. Katika utafiti wa Nina Schooler na wenzake wa mwaka 2005, wagonjwa 555 wa hatua za mwanzo walipewa ama risperidoni ama haloperidoli, zote kwa dozi ndogo, wastani wa miligramu 3.3 kwa ya kwanza na 2.9 kwa ya pili. Nafuu ya awali ilikuwa karibu sawa. Tofauti ilikuja baadaye: kati ya waliopata nafuu, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 42 kwa risperidoni na asilimia 55 kwa haloperidoli, na muda wa kati kabla ya kurudiwa ulikuwa siku 466 dhidi ya 205. Haloperidoli ilileta matatizo zaidi ya miondoko, risperidoni ikapandisha prolaktini zaidi. Kwa familia inayopanga maisha ya kijana arudi chuoni au kazini, tofauti ya miezi kadhaa ya utulivu ni kitu kikubwa, na kwangu ndiyo inayoipa risperidoni ushindi.

Kinachowachanganya walezi wengi ni kasi. Kidonge kinafika kwenye vipokezi ndani ya saa chache, lakini mgonjwa haamki kesho yake akiwa mzima. Kapur alitoa maelezo mwaka 2003 ambayo yalinisaidia kuliko yote niliyosoma. Dopamini, kwa mujibu wake, ndiyo inayouambia ubongo kwamba jambo fulani ni la maana na linastahili kuangaliwa. Inapomwagwa ovyo, mambo ya kawaida yanavaa uzito ambao hayana, na akili, kwa kujaribu kuyaelewa, inaunda kisa cha kuyaeleza. Mdogo wangu aliamini kwamba waendesha bodaboda wa kijiweni wanapigiana honi kwa ajili yake, kwamba kila honi ina ujumbe unaomhusu. Dawa ilipunguza uzito wa honi, haikukifuta kisa. Katika wiki za mwanzo alisema kwamba bado wanapiga, ila hana haja ya kuhesabu tena. Baadaye akaacha kuitaja habari hiyo, na baadaye zaidi akaweza kusema, kwa sauti yake ya zamani, kwamba pengine walikuwa wanatafuta abiria. Kisa kilichojengwa kwa miezi kinahitaji muda na mazungumzo ili kibomoke, na ni dhuluma kumwongezea mgonjwa dozi kwa sababu kisa hakijabomoka katika siku tano.

Hata hivyo, kusubiri kusiwe kwa upofu. Imani ya zamani kwamba dawa hizi hazionyeshi chochote mpaka zipite wiki tatu ilipingwa na uchambuzi wa Ofer Agid na wenzake wa mwaka 2003, uliokusanya tafiti nyingi na kuonyesha kwamba mabadiliko huanza katika wiki ya kwanza. Kwa hiyo mlezi aangalie mapema: je, analala vizuri kidogo, anazungumza na sauti zile mara chache zaidi, anakaa mezani kula na wenzake? Kama hakuna hata dalili ndogo baada ya wiki mbili, na una hakika kwamba dawa inamezwa, hilo ni jambo la kumpelekea daktari.

Kasoro kubwa ya risperidoni, na hapa siitetei, ni prolaktini. Katika hali ya kawaida dopamini huizuia tezi ya pituitari isimwage homoni hiyo. Dawa inapoziba vipokezi vya tezi hiyo, kizuizi kinaondoka. Tezi hiyo pia iko nje ya ukuta unaochuja damu inayoingia kwenye ubongo, na hivyo dawa, hasa paliperidoni iliyotokana nayo, inaifikia kwa wingi kuliko inavyofikia straitamu. Matokeo yake ni hedhi kukatika, matiti kutoa maziwa kwa mwanamke asiyenyonyesha, matiti kuvimba kwa mwanamume, na hamu ya tendo la ndoa kupotea. Katika desturi zetu mambo haya hayasemwi mbele ya wazazi. Kijana ataacha dawa kimyakimya kuliko kumweleza mama yake kwamba matiti yanamuuma, na binti ambaye hedhi imekatika atashukiwa mimba kabla hajasikilizwa. Naomba daktari aulize faraghani, kwa maneno ya wazi, katika kila hudhurio. Kwa msichana ambaye tatizo hili limejitokeza, ningemuuliza daktari kuhusu aripiprazoli, ambayo hukiwasha kipokezi cha D2 kwa kiasi badala ya kukizima, na kwa kawaida haipandishi prolaktini.

Uzito nao unaongezeka, ingawa kwa wastani si kama kwa olanzapini, dawa nyingine ya ugonjwa huu. Kichwa huwa chepesi mtu anapoinuka ghafla, hasa siku za mwanzo, kwa sababu dawa inagusa pia vipokezi vinavyobana mishipa ya damu. Kuna pia kule kutotulia kwa miguu, mgonjwa akitembea huku na huko bila kuweza kukaa, ambako ndugu hudhani ni ugonjwa unarudi na kuomba dozi iongezwe, ilhali dawa ndiyo inayosababisha na dozi ndiyo inayopaswa kupunguzwa. Katika maudhi yote madogo madogo, hili ndilo ninaloona linaeleweka vibaya zaidi.

Dawa nyingine zinazotumiwa pamoja nayo nazo zina neno lake. Rifampisini, iliyomo kwenye tiba ya kifua kikuu, na kabamazepini, inayotumiwa kwa kifafa, hulifanya ini liiondoe risperidoni haraka, na kiwango chake katika damu hushuka sana. Mgonjwa anayeanza dawa za TB na kuanza kusikia sauti tena huenda hajaacha vidonge vyake kabisa. Fluoksetini na paroksetini, kinyume chake, hupandisha kiwango hicho. Sigara haina athari kubwa kwa risperidoni, tofauti na olanzapini na klozapini, na kwa mvutaji hilo ni jambo la kuipendelea.

Sipendi risperidoni isifiwe kwa kazi isiyoifanya. Sauti na imani potofu hupungua. Ukimya, kukosa hamu, kushindwa kuanza jambo na kumbukumbu dhaifu hubaki kwa wengi, kwa sababu hayo hayatokani na dopamini iliyozidi straitamu. Tena dozi ikizidi, dawa inaweza kuyaongeza, maana dopamini hiyohiyo ndiyo inayompa mtu msukumo wa kutaka. Familia nyingi hufurahi mgonjwa akiwa kimya pembeni, hagombani na mtu. Mimi nilijifunza kuuliza kama anacheka, kama anaomba nauli ya kwenda kwa rafiki, kama amechagua shati.

Kuhusu kuacha, tafiti ziko wazi kwa sehemu na zinabishana kwa sehemu. Delbert Robinson na wenzake mwaka 1999 waliripoti kwamba ndani ya miaka mitano baada ya kupona tukio la kwanza, takriban asilimia 82 ya wagonjwa walirudiwa angalau mara moja, na kuacha dawa kuliongeza hatari hiyo karibu mara tano. Kwa upande mwingine, Lex Wunderink wa Uholanzi aliwafuatilia kwa miaka saba wagonjwa waliokuwa wametulia, akaripoti mwaka 2013 kwamba kundi lililopunguziwa dozi kwa uangalizi lilirudiwa zaidi mwanzoni, lakini mwishowe asilimia 40 yao walikuwa wamepona kwa maana ya dalili na ya maisha, dhidi ya asilimia 18 ya walioendelea na dozi ya kawaida. Utafiti ule ulikuwa mdogo, na siuchukui kama ruhusa ya kuacha. Ninachukua kwamba dozi inaweza kujadiliwa baada ya utulivu wa mwaka au zaidi, taratibu, na daktari akiwepo. Kuacha kwa mkupuo kuna hatari ya ziada ya kikemia: vipokezi vilivyozibwa kwa muda mrefu vinaweza kuongezeka idadi na kuwa vyepesi kuitikia, na siku kizuizi kinapoondolewa, dopamini inakuta milango mingi zaidi ya ile ya mwanzo. Kwa hiyo naona aibu kwa niaba ya mfumo wowote unaomwambia mgonjwa kwamba dawa imeisha stoo, arudi mwezi ujao. Mlezi anayeweza, aweke akiba ya wiki mbili nyumbani. Na pale sindano ya muda mrefu inapopatikana, aulizie mapema bila kusubiri mgonjwa aanguke tena.

Nabakiza kundi ambalo dawa hii haiwafai hata ikitumiwa kwa usahihi. Karibu theluthi moja ya wagonjwa hawapati nafuu ya kutosha kwa dawa za kawaida, na picha za ubongo zinatoa sababu moja inayowezekana: Arsime Demjaha na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba wagonjwa sugu wa tiba walikuwa na utengenezaji wa dopamini usiotofautiana na wa watu wenye afya, na tafiti nyingine zimekuta kwa wagonjwa kama hao dalili za glutameti, kemikali nyingine ya ubongo, iliyozidi katika sehemu ya mbele ya ubongo. Kuziba D2 kwa mtu ambaye dopamini yake haijazidi ni kumpa madhara bila tiba. Kwa hiyo, kama risperidoni ya dozi sahihi imemezwa kweli kwa wiki sita bila nafuu, na dawa ya pili nayo ikashindwa, sitakubali mdogo wangu apandishiwe miligramu nyingine. Nitaomba rufaa kwenda hospitali yenye maabara inayoweza kuhesabu chembe nyeupe za damu kila wiki, ili aanzishiwe klozapini, dawa ya wale ambao nyingine zimewashinda, ambayo inaweza kushusha chembe hizo.